Kambi Isiyo na Miti

Siku jeshi lilipong'oa lango la Kambi ya Garaji na kulipakia kwenye lori, Tshiala alikuwa anachuja munkoyo, kinywaji chake cha kuuza. Kutoka mlangoni kwake aliwaona vijana wanne wakilisukuma lile lango la chuma, wakipumzika, wakilisukuma tena, na ofisa mmoja amesimama kivulini akiwatazama. Lori lilipoondoka zilibaki nguzo mbili za saruji na uwazi kati yake. Hapakupigwa tarumbeta, wala hapakusomwa tangazo. Kambi ilifungwa kwa kuchukuliwa mlango wake.

Aliinama tena juu ya pipa. Lilikuwa pipa la mafuta ya ndege lililokatwa nusu, jeusi kwa moshi, na ndani yake uji wa mahindi ulikuwa unapoa, umechanganywa na ile mizizi ya porini inayoufanya kuwa mtamu, kisha mkali kidogo ukilala. Miaka yote hiyo askari walikuwa wateja wake. Sasa alijiuliza nani atakunywa.

Kambi ya Garaji iko pembeni ya Base ya Kamina, kituo kikubwa cha jeshi, upande unaopakana na vijiji. Wabelgiji waliijenga kwa ajili ya kutengeneza magari: mabanda matatu marefu yenye mapaa ya duara, na nyuma yake safu za nyumba ndogo za matofali mekundu. Mafundi wa kwanza waliondoka, magari yakaoza, nyumba zikagawiwa askari wenye familia. Kisha askari nao wakahamishwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wale ambao jeshi halikujua liwapeleke wapi. Wajane. Wazee wanaosubiri barua ya kustaafu. Wake ambao waume zao walipelekwa vitani wakaambiwa wangoje hapo hapo.

Tshiala alikuwa mjane na pia mama wa askari. Alizaliwa Mwene-Ditu, Kasai, akaja Kamina kwa treni akiwa bi harusi, akimfuata Mputu, dereva wa malori ya jeshi, mtu wa Bandundu, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Mputu alikufa kwa homa katika nyumba hiyo hiyo ya matofali, akazikwa kwenye makaburi ya kambi nyuma ya banda la tatu. Kati ya watoto wao alibaki Théo peke yake. Naye, kwa kuwa kambi haikumfundisha kazi nyingine yoyote, alivaa gwanda akapelekwa mashariki. Siku ya kuondoka alimwambia mama yake neno moja tu la maana: "Mama, usitoke hapa. Nikirudi, nirudi hapa."

Alikuwa akipiga simu mwanzoni. Baadaye simu zikawa chache. Mwaka kambi ilipofungwa, namba yake ilikuwa haipatikani kabisa.

Mtu anayefika Kambi ya Garaji akitokea vijijini huona jambo moja kabla ya mengine yote: hakuna mti wa matunda. Kijijini ng'ambo ya uzio kuna miembe, mipera, michungwa, mipapai inayoegemea mapaa. Ukivuka nguzo zile mbili, kuna mihogo, kuna mahindi, kuna mboga, halafu mchanga mwekundu na jua. Mgeni hudhani udongo ni mbaya. Udongo ni ule ule.

Tshiala aliambiwa sababu yake katika juma lake la kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa bomba la maji. Mke wa koplo mmoja, mama mzito mwenye sauti ya kiume, alikuja kumsalimu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Binti, unaona hapa kote hakuna muti wa matunda?"

"Naona, mama."

"Bibi ya soda, muke wa askari, hapandi muti mu kambi. Panda mboga ya lengalenga, panda mihogo, ile inakufa yenyewe. Lakini muti ukishika mizizi hapa, mwanaume hatashika tena. Siku utakula tunda lake la kwanza, njo siku batakuletea kofia yake."

Kisha akamtajia wanawake: mmoja wa kambi ya Kananga, mwingine wa Kitona, mwingine wa hapo hapo, nyumba ya mwisho, aliyepanda mpera akaucheka mwiko, na mpera ukazaa vizuri sana. Wake wa askari walihama na mwiko huo kama walivyohama na sufuria zao, kambi hadi kambi, nchi nzima. Makabila yao yalikuwa tofauti, vyakula vyao tofauti. Hofu yao ilikuwa moja.

Tshiala hakuwahi kujiuliza kama anaamini. Hakupanda, basi.

Dorothée, rafiki yake wa ng'ambo ya uzio, alikuwa akicheka jambo hilo. Dorothée alikuwa mkulima, Mluba wa pale pale, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, aliyemletea mahindi na mizizi ya munkoyo tangu wote wawili wakiwa wanawake vijana. Ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Siku moja alikuja na mche wa mparachichi ndani ya mkebe wa maziwa.

"Zawadi yako hii. Pale karibu na mulango, utapata kivuli."

"Hapana, Doro. Rudisha."

"Ee! Sasa kamuti kadogo hivi kataua Mputu? Mputu mwenyewe na tumbo ile yote?"

"Rudisha, nimesema."

Dorothée alicheka mpaka akashika mbavu, lakini aliuchukua. Aliupanda yeye mwenyewe pale uzio ulipokuwa umelala, hatua chache ndani ya ardhi ya jeshi. "Minyi, bwana yangu ni wa jembe," alisema akijionyesha kwa kidole, "jembe halipelekwi ku vita." Mti ulikua. Kwa miaka mingi Tshiala alikula maparachichi yake bila woga, kwa kuwa mti haukuwa wake.

Mwaka mmoja baada ya lango kuondoka, gari jeupe lilipita kati ya nguzo. Alishuka kijana mwenye miwani, mpole, shati limepigwa pasi. Aliitwa Xavier. Alitoka Lubumbashi, alisoma mambo ya jamii chuo kikuu, na alikuwa ametumwa na wenye mradi. Aliwakusanya watu wa kambi na watu wa kijiji ndani ya banda la kwanza, akawaambia kwamba jeshi limeiachia ardhi hiyo, kwamba utajengwa mtaa mpya wenye soko na maghala ya mahindi, na kwamba safari hii hakuna kitu kitakachofanywa bila wananchi.

"Munyi wote njo mutasema," alisema kwa Kiswahili chao, akijitahidi. "Sisi tutaandika."

Watu waliangaliana. Hawakuwa wamezoea kuulizwa.

Xavier alichora kambi nzima kwa majivu kwenye sakafu ya saruji, barabara na mabanda na nyumba, akawapa vizibo vya chupa na magunzi ya mahindi waweke kila kitu wanachokitaka mahali wanapokitaka. Mwanzoni walisitasita. Kisha wanaume wakaweka shule, wakaihamisha, wakaibishania. Wanawake walitaka bomba la maji katikati. Sephora, jirani wa Tshiala, mwanamke wa vituko ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa amenyamaza, aliweka gunzi nje ya mtaa kabisa.

"Ile ni nini, mama?" Xavier aliuliza.

"Ni bar. Tuiweke mbali, wanaume bachoke kabla ya kufika."

Banda lilijaa kicheko. Tshiala alisubiri watu watulie, akaenda polepole akaweka kizibo kimoja kando ya bomba. Alisema ni meza yake ya munkoyo. Kisha akaweka gunzi dogo mahali nyumba yake iliposimama, akarudi kukaa bila kusema ni nini. Xavier alimfuata akamwuliza. "Ni parseli yangu, uwanja wangu," alisema. "Mutoto wangu iko vitani. Alisema nisitoke pale, atarudi pale."

Xavier aliandika.

Kwa miezi michache Tshiala aliishi kama mtu aliyepata habari njema asiyeweza kumwambia mtu. Alisugua ukuta wa mbele mpaka matofali yakarudi rangi yake. Alifungasha blanketi jipya la Théo ndani ya mfuko wa plastiki, akalining'iniza juu, panya wasilifikie. Dorothée alipopita na mahindi alimkuta akiimba. Xavier alirudi na mchoro mkubwa wenye rangi, wakautundika bandani, na bomba lilikuwepo katikati, na kando ya bomba palikuwa na meza ndogo. Meza yake. Aliigusa kwa kidole.

Kisha likaja swali la nani atapewa kiwanja.

Viwanja havikutosha, hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Watu wa kambi walisema wamezaliana hapo, wamezika hapo. Watu wa kijiji walisema babu zao walikuwa na mashamba hapo kabla Mbelgiji hajaleta tingatinga, wakafukuzwa bila hata kuagwa. Xavier aliwaeleza kwamba nyumba za matofali ni mali ya serikali, haziwezi kumtetea mtu. Makaburi nayo, kwa masikitiko yake, hayakubaliki. Mihogo ni ya msimu. Mjadala uliendelea tangu asubuhi mpaka jua likapiga bati na banda likawa tanuri. Wanaume wawili walishikana mashati. Mtoto mchanga alilia bila kukoma.

Ndipo aliposimama Kyungu, kaka yake Dorothée, katekista, mtu mnyofu asiyependa kelele. Alivua kofia.

"Bandugu. Tusigombane. Sisi kwetu ku mashamba, bantu wakishindania udongo, tunaangalia miti. Mutu aonyeshe muti wenye alipanda, yeye ao muzazi wake. Mwenye muti, njo mwenye mahali. Hata bahakimu ku tribinali banafanya vile vile."

Ilikuwa rahisi, ilikuwa ya haki, na ingewaruhusu kwenda nyumbani. Mtu mmoja alipiga makofi, kisha banda zima likapiga. Xavier alikunjua uso kwa furaha kama mtu aliyeona kitabu chake kikitimia. "Hii njo tunatafuta," alisema. "Bananchi benyewe wamesema." Tshiala alipiga makofi pamoja na wengine. Sephora alipiga kuliko wote, akapiga na vigelegele.

Walikuwa wamefika karibu na banda la pili, wakirudi, Sephora aliposimama ghafla katikati ya njia.

"Mama Théo."

"Nini?"

"Sisi tulipiga mikono ya nini?"

Tshiala aligeuka akaitazama kambi. Jua lilikuwa limeshuka kidogo, na vivuli vyote vilivyolala chini vilikuwa vya kuta na nguzo.

Sephora hakukata tamaa upesi. Kesho yake alionekana akivuka uzio na machipukizi ya migomba kichwani, akayachimbia mbele ya nyumba yake na kuyamwagia maji machafu ya sabuni ili yaonekane yamezoea. Alisimika pia tawi la mwembe, nene kama mkono, akalifunga udongo vizuri.

"Sephora, huogopi?" Tshiala alimwuliza.

"Niogope nini? Bwana yangu alikimbia na muke wa Likasi. Muti umufukuze tena wapi?"

"Mwenye kuja ataona ni ya jana."

"Nitasema nilipanda wakati ya Zaire. Atanibisha ni nani, yeye mutoto wa juzi?"

Tume ya kukagua miti ilipopita, Xavier akiwa mbele na wazee wa kijiji nyuma yake na umati wa watazamaji nyuma ya wazee, walifika kwanza kwa Sephora. Xavier aliutazama mwembe kwa adabu. Aliushika kwa vidole viwili, ukatoka. Umati ulicheka kwa muda mrefu, Sephora naye akacheka, mikono kiunoni, akisema, "Ni ugonjwa tu, huu muti ulikuwa mugonjwa!" Lakini walipoondoka aliingia ndani, na hakutoka kwenda kuwatazama wakipima kwa wengine.

Kwa Tshiala hapakuwa na kitu cha kushika. Kulikuwa na mlango, pipa, moto. Xavier alisimama akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama Théo, unatuonyesha nini?"

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma.

"Muti wake njo ule!"

Ilikuwa Dorothée. Alikuwa amejipenyeza mpaka mbele, jasho linamtiririka, mkono umenyooka kuelekea uzio, kwenye mparachichi. "Ule pale. Ni wa Tshiala. Alipanda yeye, Mputu angali muzima. Minyi nilikuwa nabeba maji tu."

Kyungu alimgeukia dada yake polepole.

"Dorothée. Ule muti ni wa kwetu. Minyi nilikuona ukiupanda."

"Uliota, yaya," alimjibu kaka yake.

"Mbele ya bantu, Dorothée?"

"Nimesema uliota! Weye uko na miti mingapi? Utakufa njaa juu ya moja?"

Mtu alicheka. Kyungu alitazama chini. Alikuwa mtu wa kanisa, na uongo ulimuumiza kama jino. Lakini hakuendelea. Pengine alimwonea huruma mjane, pengine aliona aibu kugombana na dada yake hadharani. Xavier alilitambua hilo, akaukimbilia ule ukimya kabla haujavunjika.

"Basi. Tumusikie mwenyewe. Mama Théo, ule muti ni weye ulipanda?"

Alimwuliza kwa upole, kalamu tayari, na machoni mwake palikuwa na ombi. Dorothée alikuwa anatikisa kichwa kumwambia ndiyo, ndiyo. Ilitosha kutamka neno moja. Gunzi lake lingepata mahali, Théo angepata mahali pa kurudi.

Tshiala aliutazama mparachichi. Ulikuwa umezaa. Matunda yalining'inia mazito, ya kijani kibichi, mengine yameanguka. Aliyala matunda hayo mwaka hadi mwaka. Kama mti ni wake, basi aliyala matunda ya mti wake kambini, tangu la kwanza. Alimfikiria Mputu kitandani, akitetemeka kwa homa ambayo hakuna aliyeielewa, na kwa mara ya kwanza akaogopa hata lile ambalo hakulifanya. Kisha akaifikiria namba isiyopatikana. Kama huko aliko Théo bado anapumua, anapumua kwa sababu mama yake hana mti. Kusema mbele ya watu wote hawa, mbele ya makaburi pale nyuma ya banda, ni sawa na kuchimba shimo na kupanda.

"Sikupanda," alisema.

"Mama—"

"Mu kambi hii sikupanda muti hata moja. Muandike vile. Muandike vizuri."

Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayetaka kusikika mbali, zaidi ya uzio, zaidi ya Base, na Xavier akaandika.

Dorothée alimfuata ndani baada ya watu kuondoka. Alikuwa analia kwa hasira.

"Neno moja! Nimedanganya mbele ya kaka yangu, katekista, nimejitia aibu, na weye unashindwa neno moja?"

"Doro, Théo iko ku vita."

"Théo anahitaji nyumba!"

"Anahitaji kwanza kurudi."

Dorothée alikaa kwenye ndoo. Hakucheka safari hii. Alisema tu, "Munyi bantu ba kambi," bila kumalizia.

Viwanja vilitolewa. Karibu vyote vilikwenda kwa watu wa kijijini waliokuwa na michungwa na miembe ya babu zao kwenye kingo za ardhi ile, kando ya uzio, mbali na nyumba, na hakuna aliyeweza kusema waliiba, kwani ardhi ilikuwa imeibwa kwao zamani. Watu wa kambi waliambiwa watoke kabla ya mvua. Sephora alikwenda kwa binamu yake Kamina mjini, akagombana naye kuanzia siku ya kwanza. Xavier alikuja kuaga. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alimshika Tshiala mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwamba angalau maoni yote yameheshimiwa, kisha akasikia alichokisema, akauachia mkono.

Wafanyakazi walivua mabati ya nyumba, wakayapanga, wakayabeba. Walipofika kwa Tshiala alikuwa amekwisha kutoa vitu nje. Aliomba wamwachie pipa. Walimwachia.

Dorothée alimpa jiko la nje, kibanda cha mviringo cha udongo kilichoezekwa nyasi, anamopikia wakati wa mvua. Kyungu, mwenye uwanja ule ambamo dada yake naye aliishi, alikubali. "Mpaka mvua iishe," alisema. "Kisha nitahitaji mahali pa kuweka mahindi." Hakusema kwa ubaya.

Mradi haukuja. Wafanyakazi waliweka vigingi vyenye utepe mwekundu kuonyesha barabara, wakakata kila kilichokuwa njiani, mparachichi ukiwa wa kwanza. Mbuzi walikula utepe. Ikasemekana wenye fedha wamebadili mawazo, ikasemekana wanapigania hesabu, halafu haikusemekana tena lolote. Majani yaliota ndani ya nyumba zisizo na mapaa, marefu kuliko madirisha. Mchoro wenye rangi ulibaki bandani hadi upepo ulipouangusha, na waliopewa viwanja walilima humo mihogo wakingojea kuambiwa wajenge. Watu bado walipita kati ya zile nguzo mbili.

Hapakuwa na askari wa kuwauzia munkoyo. Tshiala aliwapikia wanakijiji siku za misa, kidogo kidogo, na siku nyingine alimsaidia Dorothée kulima. Alizeeka katika msimu ule mmoja wa mvua. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokishikilia, na hakumwambia mtu, kwa kuwa hakikuwa na umbo la maneno: kwamba alilipa. Kwamba mahali fulani palijulikana kwamba amelipa.

Simu ililia wakati wanapura mahindi. Namba ngeni. Dorothée aliipokea, akasikiliza, akamrushia Tshiala kama kaa la moto.

"Mama," sauti ilisema. "Ni minyi."

Tshiala alikaa chini, juu ya mahindi.

"Mama, unasikia? Niko Kisangani, ku hospitali. Nilikanyaga kitu. Mguu ilikatwa, ule wa kushoto, lakini imeshapona. Jeshi linanirudisha nyumbani. Mama?"

"Nasikia, mwanangu. Uko muzima."

"Ungali mu nyumba?"

Alimwambia. Alimwambia polepole, akianza na lango, na Théo hakumkatiza. Alipofika kwenye viwanja, Théo alisema, "Lakini rafiki yangu mumoja, wa kijiji, aliniandikia juzi huku ku hospitali kama bantu walipata parseli. Weye ulikosa namna gani?" Basi ikabidi amwambie na mti. Alimwambia swali la Xavier, na Dorothée alivyosema, na yeye alivyojibu.

Upande wa pili alisikia milio ya vitanda vya chuma, na mtu akikohoa mbali.

"Mama," Théo alisema mwishoni. "Juu ya ile hadithi ya ba mama?"

"Théo..."

"Tuko vijana wengi humu, hakuna mwenye miguu mbili. Mama zetu habakupanda kitu. Hata moja hakupanda." Hakuwa amepandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Usiku wote kule nilikuwa nawaza nyumba. Mulango, ukuta. Njo kitu nilikuwa nawaza. Sasa nirudi wapi?"

Tshiala alitaka kumwambia: unaniuliza swali, kwa hiyo uko hai, kwa hiyo sikukosea. Maneno yalikutana na ule mguu uliokatwa. Alisema, "Njoo tu." Lakini vocha ya mwenye simu ilikuwa imekwisha, na hakujua kama yalifika.

"Anasema nini?" Dorothée aliuliza.

"Anakuja."

"Leza Mungu wetu asifiwe! Anakuja wapi?"

Mlangoni pa nyumba kubwa Kyungu alikuwa amesimama na gunia tupu mkononi. Alikuwa amesikia. Mvua zilikuwa zimekwisha juma lile. Alilikunja gunia mara mbili, akaingia ndani, na wanawake wote wawili walijua kwamba atalirudia kesho, kwa sababu mahindi nayo hayawezi kulala nje.

Tshiala aliingia jikoni. Alisogeza pipa hadi ukutani, akasogeza kuni, akafagia. Alitandika mkeka upande wa mlango, akautazama, akauhamishia upande wa pili. Kibanda kilikuwa kidogo na moto ulikuwa katikati. Popote alipoulaza, mtu mrefu kama Théo angelala na miguu yake ndani ya majivu. Aliugeuza tena, akipima kwa macho kutoka kichwani hadi chini, miguu yote miwili, kisha akakumbuka, akakaa.